Mkono Mfupi wa Sweta

Sally,

Nimepanda gari la maziwa kwenda hospitali kumchukua mtoto aliyeachwa na Jerop. Chemsha maziwa, washa moto chumbani, na uhakikishe kaka yako Kiprugut amekula. Tangu tumzike mkewe Jerop anashinda na chai tu.

~~Malizia mkono wa kushoto wa ile sweta ya mtoto.~~ Usiitafute, nimeenda nayo.

Asubuhi nilijaribu kuimaliza mwenyewe. Unajua Jerop alivyokaza uzi. Nilipokuwa nawafundisha kina mama wa kanisa kufuma nilimwambia, "Legeza, binti, hufungi ndama." Akacheka: "Mama, hii ni Molo. Wacha upepo ukose mlango."

Nikafuma mistari miwili, ikalegea kando ya yake. Nikafumua yangu, nikafunga vitanzi pale pale alipofika, kwenye kiwiko.

Kwa hivyo mtoto atakuja na mkono mmoja mfupi. Kiprugut akiuliza, mwambie mke wake aliishia hapo. Nimefuma soksi ndefu ya kufunika mkono huo.

Sindano za Jerop ziko kikapuni. Ni zako sasa. Usilegeze uzi.

Mama