Zamu Ilikuwa Yangu

Jumatano

Ilikuwa zamu yangu. Naandika hapa kwa sababu sijaweza kumwambia Otieno.

Nafasi moja ilibaki katika timu ya sataranji ya shule, tukaishindania mimi na Otieno, na rafiki yangu ni yeye huyo mmoja tu. Kengele ya chakula ililia kila mmoja wetu akiwa amebaki na mfalme na askari mmoja, askari hao wakizuiana njia, kila mfalme akimlinda askari wake na kumvizia wa mwenzake. Nilishaisoma hali hiyo kitabuni. Atakayelazimika kusogea kwanza atamwacha askari wake, na ameshindwa. Kuruka zamu hakuruhusiwi.

Tuliporudi, mwalimu akauliza, "Zamu ya nani?"

"Muulize Mwangi, mwalimu," Otieno akasema. "Huyu hasahau kitu."

Nikasema, "Ni yake."

Otieno akatazama ubao muda mrefu, kisha akamsogeza mfalme. Nikamla askari wake.

Jioni alinisindikiza hadi mtaani kwetu, Makadara, akinibebea begi. Langoni akanipiga begani. "Poa, msee. Lakini kesho unionyeshe nilikosea wapi."

Hakukosea popote.