Kioo cha Herufi Kubwa

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, umgawie na shemeji, na wale mapacha ambao naambiwa siku hizi wanavunja vikombe kwa zamu. Kifua chako kimepona? Usiniandikie tena kwamba ni mafua tu. Mafua ya miezi miwili yana jina lingine. Sisi huku tunapumua. Baba anakula, anaoga, ananyoa ndevu kila asubuhi kama mtu anayewahi kazini. Haendi popote.

Mara tatu umeniuliza habari za ile GPS ya ndege ya Baba, na mara tatu nimekujibu habari za paa linalovuja. Una haki ya kuuliza. Uliahirisha kuhama nyumba ili nusu ya pesa ipatikane, na kwa nusu nyingine Baba akauza gari lake. Basi kaa chini nikueleze tangu mwanzo, maana nisipoeleza leo sitaeleza tena.

Siku ya kununua tulikwenda wawili, mpaka lile duka la vifaa vya ndege lililo ghorofani, juu ya muuza magodoro. Muuzaji alitupangia tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kubana kwenye usukani, bei nafuu, lakini hairuhusiwi kutegemewa mawinguni, na Baba tangu lini akasubiri mvua iishe ndipo apeleke dawa? Ya pili ilikuwa kioo kitupu, unaigusa kwa kidole. Ya tatu ilikuwa ya vitufe, na kimoja cha kuzungusha, yenye kioo kikubwa na herufi kubwa, na bei ya kukufanya umeze mate.

Mimi niliitaka ya pili. Ingeingia sawasawa kwenye tundu la redio ya zamani bila kukata dashibodi, na mimi ndiye fundi ambaye ningekata. Baba akasema yeye hawezi kupapasa kioo kama mtu aliyezimikiwa umeme. Akaishika ya tatu, akafumba macho, akawa anazungusha kile kitufe polepole huku midomo ikihesabu. Muuzaji akaninong'oneza kwamba marubani wa zamani ndivyo walivyo, mikono yao ina akili. Nikacheka. Dada, nilicheka.

Tuligombana kwenye ngazi. Nilimwambia bei ya kifaa ni mwanzo tu. Bado antena, nyaya, kukata bati, mkaguzi na karatasi zake. Nikamwambia pia kwamba mtu wa miaka sitini na mitatu anayetaka kioo kikubwa kuliko cha wenzake anatafuta sifa tu. Hayo si maneno ya mtoto kumwambia mzazi, najua. Hakukasirika. Alishika reli ya ngazi akaniambia, "Fundi, ninunulie ninachoweza kukitumia." Nikadhani ni ile shingo yake ngumu tuliyoizoea. Tukarudi juu, tukalipa.

Kuifunga kulinichukua wiki mbili. Kila siku alikuja bandani na kigoda chake, akikaa mlangoni mwa ndege, akiniomba niwashe na nimtajie kila ukurasa una nini na kipi kiko wapi. Nilimtania kwamba amepata mke mdogo. Alicheka, kisha akaniomba nirudie ukurasa wa nne. Leo naelewa alikuwa anakariri.

Tulipoijaribu angani nilikaa kiti cha pembeni yake. Alirusha ndege vizuri kama siku zote, akazungusha kitufe, akataja maili zilizobaki, na kila alilotaja lilikuwa sawa. Kisha, mara moja, kitufe kikapitiliza alama moja. Kioo kilikuwa kwenye ukurasa wa mipangilio, hakuna ramani, hakuna maili. Nikamwuliza tumebakiza ngapi. Akakiinamia kioo, akasema arobaini na mbili, tuko njiani barabara. Nilikitazama kile kioo, nikamtazama yeye.

Tuliporudi kutua, wakata nyasi walikuwa wanavuka katikati ya uwanja na matoroli yao. Nilingoja apandishe ndege. Hakupandisha. Nikapiga kelele kwamba kuna watu, ndipo akavuta usukani tukapita juu yao, nikaona mmoja amejitupa kifudifudi. Baba akasema amewaona. Hakuwa amewaona, Dada.

Mzunguko wa pili tukatua, akazima injini. Akanieleza mwenyewe. Ni mwaka wa pili sasa. Katikati ya kila jicho kuna doa, kama mtu aliyebandika kidole gumba juu ya picha. Pembeni anaona. Katikati haoni. Kwa daktari wa leseni alipita kwa sababu alisikiliza aliyemtangulia akizisoma herufi za ukutani, akazikariri. Alitumaini kwamba kioo cha herufi kubwa kingempa mwaka mmoja zaidi, basi. Na mimi nilimwambia anatafuta sifa.

Nilimsihi aache. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa hakitamuumbua peke yake. Naye akanisihi, kwa kaburi la Mama, nisimwambie mtu. Niliitikia kwa kichwa, halafu nikakumbuka, nikasema sawa kwa sauti.

Jumatatu iliyofuata nililiona jina la muuguzi kwenye orodha ya abiria wa Baba wa kesho yake, na chini yake mama mmoja na mtoto wa siku nne, ambaye hata jina hakuwa amepewa. Nilikaa na ile orodha mapajani kwa muda mrefu. Kisha nikaenda ofisi ya leseni, nikaomba karatasi, nikaandika.

Ni mimi. Uliniandikia kwamba kikulacho ki nguoni mwako, ukimlaani yule daktari, kwa sababu Baba anaamini ni yeye aliyemchoma kwa watu wa leseni. Daktari wa watu hajui lolote. Wakaguzi walifika kabla injini haijawashwa, wakampima Baba kwa herufi asizowahi kuzisikia, wakaondoka na leseni yake. Abiria walipelekwa na rubani mwingine. Baba alikaa kwenye kigoda chake mpaka ndege ile ikapotea, akiifuata kwa masikio. GPS nimeing'oa, imo kwenye boksi lake. Muuzaji amekubali kuichukua kwa hasara kidogo, na pesa yako utaipata.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Barua ya uamuzi ilipokuja, Baba alinipa nimsomee. Mstari wa tatu umeandikwa, "kufuatia taarifa ya maandishi ya fundi anayeihudumia ndege hiyo." Niliuona kabla sijaufikia. Nikauruka, nikaendelea na wa nne bila hata kukohoa. Akaniuliza kama hawakusema ni nani. Nikasema hawakusema. Akanitafuta kichwa kwa mkono wake, akakishika, akasema ashukuriwe Mungu aliyemwachia mtoto wa kumsomea, kwa maana mgeni angeweza kumsomea anachotaka.

Nimejaribu mara nne kumwambia. Ninakaa, ninamwita, ananigeuzia sikio, nami namwuliza kama anataka chai. Hujui inavyouma kumdanganya mtu asiyeweza kukuona usoni.

Anasema ukija mwezi ujao utamsomea tena barua ile, anataka kuisikia kwa mtoto wake mkubwa. Iko kwenye droo ya kitanda chake. Nilishaishika nikitaka kuichana, nikairudisha. Nakuomba, Dada, usinionee huruma. Isome yote. Ukifika mstari wa tatu usiharakishe. Nitakuwa nimekaa palepale, kwenye mkeka, mahali ambapo mkono wake unafika.

Wabusu mapacha kwa niaba yangu, mwambie shemeji asafiri salama na wewe, na dawa ya kifua uimalize yote hata kama umepata nafuu. Baba anakusalimu sana. Anauliza kila siku zimebaki siku ngapi.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi