Sauti Iliyobaki Kwenye Waya

Jumatatu, 3 Juni

Fundi amerudi mapema leo, hajavua hata buti. Watu husema mafundi umeme wote ni waongo, lakini huyu mtoto wa kaka yangu hajanidanganya hata siku moja tangu anichukue niishi kwake. Ndiyo maana naandika.

Akaniuliza, "Shangazi, lile jengo la simu ulilofanyia kazi ujanani, si ndilo hili tunalogeuza hoteli?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Siku hizi natikisa kuliko ninavyosema. Tangu daktari anitoe uvimbe kooni, sauti yangu ni kama kiatu kinachoburutwa kwenye changarawe. Wajukuu hudhani nawakaripia hata ninapowakaribisha.

Anasema ghorofa ya pili, kwenye ukumbi wetu, imebaki simu moja nyeusi ukutani. Waya umekatwa. Ameona mwenyewe ncha yake ikining'inia. Akainua mkono wa simu kwa mzaha tu, kuwachekesha wenzake.

Msichana akamjibu!

"Alisema, 'Namba, tafadhali.' Shangazi, sauti tamu hiyo, acha tu."

Mkewe akacheka, akamwambia kesho avae kofia, jua limemwingia. Mimi sikucheka. Chai yangu imepoa mezani.

Jumanne, 4 Juni

Sijafanya kazi yoyote. Nimekaa barazani nikikumbuka.

Mji ulikuwa mdogo wakati ule, ukijifanya mkubwa. Na sisi vile vile. Tulikuwa wasichana wa ubao wa simu — visigino virefu, hedifoni kichwani, nyuzi za kuunganishia simu mikononi kama wafumaji. Mji mzima ulipita masikioni mwetu. Nani anadaiwa, nani anaposa, nani kafa kabla ya jamaa zake kujua. Tukitoka zamu tunashuka ile barabara ya miti, mimi na mwenzangu mwembamba tuliyemwita Kijiti, tumeshikana mikono, madereva wanapiga honi. Kila mwezi jengo jipya. Tulidhani linajengwa kwa ajili yetu.

Waliniita Asali, kwa ajili ya sauti. Palikuwa na kijana akipiga kila asubuhi kuuliza saa ngapi. Saa mbili na nusu, bwana. Asante, dada. Kesho yake tena. Kumbe ni fundi saa! Duka zima limejaa saa, naye ananiuliza mimi! Nikaolewa naye.

Hakuna aliyewahi kuihifadhi sauti ile. Wanangu wameshaisahau, wamekiri wenyewe. Mume wangu ndiye angeikumbuka, na mume wangu yuko chini ya udongo.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda. Fundi kanivalisha kofia ya plastiki, kawaambia wenzake mimi ni mkaguzi kutoka makao makuu. Wakaniamkia kwa adabu zote.

Ngazi ni zile zile, zimelika katikati kama sabuni. Ukumbini wameng'oa ubao, yamebaki matundu ukutani. Simu iko karibu na dirisha. Nikauangalia waya. Kweli umekatwa. Nikaishika ile ncha kwa vidole, baridi, haiendi popote.

Nikaweka simu sikioni. Kimya kama cha ndani ya mtungi. Halafu:

"Namba, tafadhali."

Mimi. Ni mimi!

Nikaegemea ukuta, Fundi akanishika kiuno. Ile "tafadhali" ninayoinyanyua kidogo mwishoni — msimamizi alinigombeza kwayo kila siku, akisema hapa hatuuzi manukato. Nyuma yake nikasikia ukumbi wote. Plagi zikiingia na kutoka, viti, mtu akipiga chafya.

Nikajaribu kusema. Wewe nani? Ukatoka mkwaruzo mtupu.

"Sema tena, bibi?"

Akaziba simu kwa mkono, hakuziba vizuri. Nikamsikia akiita: Kijiti, hebu njoo, kuna bibi anaongea kama anatafuna kokoto!

Wakacheka wote wawili.

Nikarudisha simu mahali pake. Zaidi ya hofu nilikuwa na hasira. Kumbe nilikuwa na kiburi namna ile!

Fundi ameniuliza njiani kama ninamjua yule msichana. Nikamwambia nilimjua zamani.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda kwa Kijiti. Si kijiti tena, maskini, ni gogo. Anaishi kwa binti yake, miguu imevimba, lakini ulimi mzima. Tumecheka sana mpaka nilipomweleza.

Hapo akaweka kikombe chini.

"Asali. Umemsahau Bibi Kokoto?"

Nikamwambia simjui.

"Unamjua! Yule bibi wa sauti mbovu. Mara ya kwanza tulimcheka. Alipopiga tena ulimsikiliza wewe, taa za ubao zinawaka zote, msimamizi anafoka, wewe hata husikii. Ulipovua hedifoni uso wako ulikuwa wa mtu anayetoka msibani. Nikakuuliza, kasema nini? Ukaniambia nisikuulize tena maishani. Nami sikukuuliza."

Sikumbuki. Naapa sikumbuki! Nakumbuka rangi ya kucha za msimamizi wetu. Nakumbuka harufu ya lami mpya mvua ikinyesha. Hilo, hapana. Pamekatwa kama kwa mkasi.

Kijiti akanishika mkono, akanisihi nisirudi kule.

"Nisirudi vipi," nikamwuliza, "na wewe unasema nilirudi?"

Akakiinua kikombe chake, kitupu, akanywa. Binti yake alipoingia kuondoa vyombo, tulikuwa tumekaa kama wageni.

Jumapili, 9 Juni

Fundi anasema kesho ule ukuta wenye simu unaangushwa. Ameshamwomba mkuu wao, kakubali kuusubirisha mpaka watu wamalize chai ya saa nne. Basi.

Nimwambie nini yule mtoto?

Aende kwa daktari mapema, uvimbe ukiwa kama punje? Labda. Au nimwambie fundi saa ana moyo mbovu, atamwacha na watoto wadogo, asimjibu akiuliza saa? Nilikuwa nawaza hivyo mezani, wanangu wameniletea wajukuu kwa chakula cha Jumapili, wamekaa safu nzima, wanagombea paja la kuku. Nikamwangalia mdogo wao. Nikaona — sijui niseme niliona au nilidhani — kama mwanga wa dirisha unapita shavuni mwake. Nikalishika. La moto, lina mchuzi. Akasema, "Bibi, unanifinya!"

Nikamsogezea sahani yangu.

Sitamwonya lolote. Nimeamua. Ukweli wenyewe, sina hata la kumwambia. Ninachotaka ni kumsikia akiongea. Ni uchoyo tu, kama wa mtu mwenye kiu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekaa juu ya ndoo ya rangi, daftari gotini, simu begani. Mafundi wako chini wanakunywa chai. Nawasikia wakibishana mpira.

"Namba, tafadhali."

Nikasema sina namba. Ongea tu, mwanangu.

Nikamsikia akisogeza kiti. Kisha, taratibu: "Ni wewe tena, bibi? Unapiga kutoka wapi?"

Ndivyo tulivyofundishwa kuuliza. Nikatazama dirishani nikamwambia ninachokiona. Miti ya barabarani imekatwa yote. Pale kwenye duka la saa pana jengo la vioo, halina mwisho, mawingu yanapita ndani yake. Watu wanatembea wakiongea peke yao, kila mtu na simu yake, hakuna anayemwomba msichana yeyote amuunganishe.

Alidhani nimelewa. Akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. Nyuma yake Kijiti anauliza ni nani huyo.

Akauliza, na ukumbi wa dansi?

Hakuna. Wanaegesha magari.

"Jumamosi tunakwenda pale," akasema. "Nimeshashonewa gauni."

"Nendeni," nikamwambia. "Chezeni mpaka visigino vikatike."

Sasa hivi sauti yake imeshuka. Haina madaha, haina manukato. Sijawahi kuisikia hivi, hata nilipokuwa nayo.

"Bibi. Na mimi nitayaona hayo yote?"

Fundi amesimama mlangoni. Nyuma yake wenzake na nyundo. Ananionyesha kidole: kidogo tu, shangazi, malizia.

Nimeziba simu kwa kiganja, naandika upesi. Namsikia anapumua. Msimamizi anamfokea, yeye hakati simu. Ananisubiri.