Fasi ya Nyumba Nimeacha Nyeupe

Mwene-Ditu, ku misioni

Mutoto wangu Ngalula,

Mama yako anakusalimia na mikono mbili. Uko muzima? Mutoto wako mudogo, kifua kimepona ao angali anakohoa? Sisi huku tuko, tunapumua. Malaria ilinilaza wiki yote, lakini leo nimekaa, nimeshika biki, ninakuandikia.

Ngalula, akili yangu imechanganyikana. Tangu wenyeji wa Kolwezi walipotufukuza sisi watu wa Kasai na kutupandisha mu treni, bwana yangu, tata yako, akabaki mulangoni akisema, "Mi siachie mutu hii nyumba," sijapata hata neno moja kutoka kwake. Kila treni ikifika ninaenda kuuliza. Mumoja anasema alimuona mu kanisa, amekonda. Mwingine anasema nyumba yetu ya kule Kolwezi, mutaa wa Dilala, inakaa watu wengine. Wa tatu anasema nyumba zote za pale ziliungua. Sasa nishike neno gani?

Tena kuko kitu kingine. Huku kuko sista anatufundisha sisi bamama wa kukimbizwa kupaka picha na rangi ya maji, eti roho itulie. Akasema kila mutu apake inchi yake vile anaisikia moyoni. Wenzangu wakapaka mito na miti ya mingazi ya hapa Kasai, kwa babu zao. Mi nikajikuta ninapaka Kolwezi! Ule mulima wa bulongo, udongo wa mugodi, mwekundu vile vile. Lakini hii rangi haina adabu. Nilitia mbingu, mbingu ikashuka ndani ya mulima. Nikataka kupangusa, sista akasema, "Acha, mama, acha maji itembee." Mulima ukatiririka mupaka ku barabara.

Jirani yangu wa mukeka akacheka: "Mamu, hii ni mulima ao ni bukari ya kuungua ndani ya sufuria? Walikufukuza kule kama mbuzi, na ungali unapachora?"

Nikamujibu, "Kule nilizala batoto saba. Hapa nimezala nini?"

Akarudi ku picha yake. Na mi sijue kama nilijibu vizuri.

Kisha nikatafuta rangi nyeupe ya nyumba yetu. Unajua vile tata yako anaipakaka chokaa kila mwaka mbele ya Noeli. Rangi nyeupe haiko! Sista akasema mu hii kazi nyeupe hawaipake, unaacha karatasi tupu. Nikaacha. Ile fasi tupu katikati, njo nyumba yetu. Siku tatu ninaiangalia: sijue ni nyumba iko, ao ni nyumba haiko.

Ninakutumia hiyo karatasi pamoja na barua. Bwana yako si mutu wa Kasai, ni mutu wa kule, hawatakusumbua. Mutoke naye Mutshatsha kwenye munakaa, mwende Dilala muchana, musikawie. Ukikuta tata yako, umupe kalamu, achore mulango ku ile fasi tupu na mukono wake. Ukikuta watu wengine, usigombane nao, mutoto wangu. Usiandike kitu. Unirudishie karatasi vile iko.

Salimia bwana yako, na mama yake mwenye alitupatia maji pale ku gare ya treni bila kuogopa macho ya watu. Busu batoto. Mudogo umupake mafuta ku kifua.

Mi mama yako mwenye anangoja mulango,
Mamu Kapinga