Spana ya Mkwe

Mukurweini,
Alhamisi

Kwako Nyawira, mama yangu,

Mimi baba yako niko na miaka themanini na mmoja. Nimepita Imajensi ya wakoloni nikiwa mtoto, nimepita njaa, nimepita korona, na daktari aliyeniambia niache ugoro nilimzika yeye. Peugeot zote nilizotengeneza Nyeri zimekufa na mimi niko. Kwa hivyo ukiona mwandiko unayumba usiseme ni uzee. Ni kalamu mbaya, na sikutaka mtu aniandikie.

Habari ya Murang'a? Natumaini uko mzima, na watoto, na mkwe wangu Gathogo. Sisi tuko salama. Mama yako Wangui goti linamsumbua lakini mdomo haujambo. Ng'ombe ile nyeusi imezaa ndama jike. Mvua imekuja kidogo. Hayo ndiyo mazuri. Sasa nakuomba jambo kabla hujaendelea kusoma: hiyo gari yenu isiondoke hapo nyumbani. Kama Gathogo ameshika ufunguo, mnyang'anye. Halafu uketi usome.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga Jumatatu, ukafurahi, ukasema ningoje uniweke spika ndio Gathogo na watoto wanisalimie. Nikaongea mambo ya mahindi. Jana nikapiga tena, nikawekwa spika tena. Ndipo Gathogo akaniambia kwa furaha ati amenunua sanduku lingine la spana kama lile alilonipa mimi, kwa sababu nililisifu sana, na Jumamosi atalala chini ya gari afanye breki za nyuma mwenyewe, ndio Jumapili mwende Kutus kwa ruracio, mahari ya dada yake, gari ikiwa sawa. Akasema nimemfungua macho, hatalipa fundi tena. Mimi nikasema vizuri, vizuri. Nikakata simu, na chai ikanishinda.

Nyawira, umekua ukiniona. Spana nzuri naijua hata nikifunga macho. Kwanza ni nzito mkononi. Namba yake imegongwa ndani ya chuma, si rangi ya kupakwa. Ukiivalisha nati haichezi hata kidogo. Soketi nzuri ni ya pembe sita, inashika nati ubavuni. Ile ya pembe kumi na mbili inakula kona nati ikiwa na kutu. Na mtu wa kujitengenezea gari nyumbani hahitaji sanduku la kung'aa lililojaa vitu kama duka. Anahitaji ringi chache, zile spana za mdomo wa duara, za namba za gari yake, na soketi zake, bisibisi ambazo ncha hazijipindi, nyundo, plaizi ya kushika waya na si ya kufungua nati, na stendi za chuma za kushikilia gari. Jeki ni ya kuinua tu, mtu halali chini yake. Mawe pia hapana. Na anunue moja moja, akiigeuza na kuitazama vile watu hutazama ndama. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa karakana ya yule Mhindi, baba yake Sanjay, pale Nyeri, na spana zangu za wakati huo bado ninazo, zimefungwa kwa gunia lenye oili chini ya kitanda. Hakuna mtu wa Mukurweini anaweza kusema aliniona nikifungua nati kwa patasi.

Sasa utasema, kama baba anajua hayo yote, mbona alisifu lile sanduku?

Unakumbuka Jumamosi ile mlikuja. Gathogo akalitoa kwa buti ya gari likiwa bado na nailoni yake, akanipa kwa mikono miwili mbele ya majirani. Kingori wa ng'ambo ya mto alikuwepo, na unamjua. Akasema ati sasa mzee Ndungu ameletewa sindano za kufuma sweta. Watu wakacheka. Gathogo alicheka pia lakini macho yake yalikuwa chini. Mimi nilikuwa nimeshainua ile namba kumi na nne na nilikuwa nimeshajua. Nyepesi kama kijiko. Lakini mkwe akileta mbuzi, humpapasi mgongo yeye akiangalia. Hata akiwa mifupa mitupu unasema amenona. Mama yako akanitazama na lile jicho. Kwa hivyo nikamwambia Kingori afunge mdomo, nikasema hii ni chuma ya maana, na kwa kuwa breki zenu za mbele zilikuwa zinalia, nikasema leteni hiyo gari, nitafunga pedi mpya kwa spana hizi hizi.

Bolti zingine zilikubali. Sasa sikiliza, mama. Gurudumu la mbele, upande wa dereva, kuna bolti ya chini inayoshika kalipa, ile chuma inayobana pedi. Nilipoanza kuikaza, mdomo wa spana ulifunguka kama mbuzi anayepiga miayo. Ikateleza, ikala kona za bolti. Nikajaribu tena, bolti ikawa mviringo kama kichwa changu. Haikukaza. Ilikuwa imeingia kwa vidole na kidogo zaidi. Ringi yangu ilikuwa hapo ndani chini ya kitanda, na kama ningeitumia kutoka mwanzo bolti ingekaza. Lakini ningeenda kuitoa, Kingori angepiga kelele mpaka soko isikie, na Gathogo angeona zawadi yake imetupwa mbele ya watu. Nikapaka grisi juu ya zile kona, nikarudisha gurudumu, nikasimama, nikapangusa mikono, nikasema hiyo imekaza mpaka Yesu arudi. Mkapiga makofi. Wewe pia ulipiga. Halafu ukawafunga watoto mikanda mkaondoka.

Mungu aliwafikisha. Lakini bolti ya namna hiyo hulegea polepole, na mteremko haungoji mtu.

Leo asubuhi nilienda Nyeri kwa duka la vipuri la Harshad. Nikamwonyesha ile spana, akaniuliza nimeiokota wapi. Nikasema ni ya mtu. Akanipa bolti mpya. Barua hii inaletwa na Ngendo, anayepeleka ndizi soko la Murang'a, na chini ya ndizi zake kuna kifurushi chako. Ndani ni hiyo bolti, na ringi yangu namba kumi na nne, ile nilisema nitazikwa nayo. Ita fundi wa kweli aje hapo nyumbani, aitoe ile iliyoliwa, aweke hii, halafu akague gurudumu la pili pia. Gari isisogee hata mpaka kwa geti. Fundi akikosekana, mwende Kutus kwa matatu.

Gathogo usimwambie. Mwambie tu baba ameota ndoto mbaya.

Hapana. Akisikia ni ndoto atacheka, na Jumamosi atalala chini ya gari na lile sanduku la pili. Msomee yote, hata hapo pa sindano za sweta. Mwambie yeye hakukosa, alinunua kwa moyo. Mimi ndiye nilijua nikanyamaza. Na hiyo ringi sasa ni yake. Ina kutu kidogo shingoni, lakini zawadi ya baba mkwe pia haipapaswi mgongo. Aitumie tu.

Wasalimie watoto. Yule mdogo aliyeuliza meno yangu yalienda wapi, mwambie bado nayatafuta. Mama yako anasema mle vizuri na mkifika popote mpige simu.

Ni mimi baba yako,
Ndungu, fundi wa Peugeot

Ukidhani nimetunga, mashahidi wapo. Ile bolti Kingori aliiona, aliniuliza kama imekaza nikamfukuza. Ile spana Harshad ameishika kwa mkono wake. Mama yako naye anajua mengine, lakini akikuambia ati tangu mlipoondoka nimekuwa nikisimama barabarani kila gari ya rangi ya yenu ikipita, mwambie nilikuwa nangoja lori ya maziwa.