Moshi Nyuma ya Kabati la Mama

Nyumbani,
Jumapili, 9 Julai

Kaka mpendwa,

Shikamoo. U hali gani huko, na wifi, na wale mapacha? Zile zamu za alfajiri bado zinakuchosha? Sisi tunaendelea, ingawa nikisema wote ni wazima nitakuwa nimekudanganya. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Mengine huwezi kuyasema simuni wakati Baba yuko chumba cha pili.

Jiko la kuni ulilotuma lilifika salama. Wanaume wanne walilibeba hadi sebuleni, mmoja akaondoka ameshika kiuno. Mama alikipangusa kile kioo cha mlango wake kama anapangusa uso wa mtoto. Tukakubaliana liingie palepale kwenye meko ya ukutani, moshi wake upande kwa dohani ya zamani.

Tulimwita fundi wa majiko ambaye mtaani wanamwita Kimya, kwa sababu hanyamazi. Akasema hafungi jiko kwenye dohani asiyoijua. Akapanda juu ya paa, akaziba mdomo wa dohani kwa gunia lililolowa, kisha akawasha kopo la moshi wa kupimia chini mekoni, huku akitusimulia harusi ya shemeji yake tangu posa. Tukapanda ghorofani kukagua. Katika chumba cha Mama moshi ulikuwa unatoka polepole nyuma ya kabati la nguo. Hapo Kimya alinyamaza kweli.

“Hii dohani alijenga nani?” akauliza.

“Mimi,” Baba akajibu.

Unamjua Baba na dohani yake. Mgeni hajakaa vizuri, keshaonyeshwa.

Na kikohozi cha Mama unakijua. Kilimwanza baada ya sisi kuondoka, alipohamia chumba chetu cha juu kukimbia mkoromo wa Baba. Tulilaumu vumbi, tukalaumu mablanketi, hata paka tukamgawa. Na kila baridi ilipozidi na kikohozi kikazidi, tulimwongezea kuni mekoni ili apate joto. Kaka, hilo linanitesa kuliko yote.

Baba hakumruhusu mtu mwingine kugusa ukuta ule. Alisogeza kabati, akachukua nyundo na tindo, akabandua plasta mwenyewe. Safu moja ya matofali haikuwa na saruji katikati, na Kimya anasema tundu limekuwa likipanuka mwaka hadi mwaka. Baba aliingiza kidole, kikazama chote. Akakaa kitandani na vumbi lake.

“Mvua ilikuwa inakuja,” akasema. “Nikajiambia plasta itafunika.”

Mama akamwambia yeye ndiye aliyemharakisha, kwamba alitaka wahamie kabla hajajifungua. Mtoto huyo ni mimi. Baba alitikisa kichwa tu. Sijui kama ni kweli, au Mama alitaka kumpunguzia mzigo, na sijathubutu kumuuliza.

Jiko limefungwa. Kimya aliteremsha bomba la chuma ndani ya dohani kutoka juu hadi kwenye jiko, akaziba kila upenyo, akajaribu moshi tena mara mbili. Hakuna kilichovuja. Linawaka vizuri na halili kuni nyingi. Ulifanya jambo jema, usije ukajuta kwamba ulilituma.

Daktari anasema mapafu ya Mama yaliyoharibika hayatarudi, ila hayataendelea kuharibika. Sasa analala chumba cha chini. Bado anakohoa asubuhi, na akianza, Baba hutoka nje.

Sebuleni haketi. Chakula anakula jikoni, amesimama. Siku Kimya alipomaliza kazi, Baba alimpa mwiko wake wa kujengea, ule wa mpini uliolika. Kimya aliupokea kwa mikono miwili.

Usimpigie simu kumpa pole. Hatapenda kujua kwamba nimekueleza yote haya.

Ndivyo nilivyotaka kumalizia. Lakini Baba ameingia sasa hivi, akauliza kama ni wewe ninayekuandikia. Nikakubali. Hakuomba kusoma. Ameniambia niandike maneno haya kama yalivyo, na amesimama nyuma ya kiti changu mpaka niyamalize:

“Mwanangu, umelala chumba kile miaka kumi na tano. Dada yako amepimwa, yuko salama. Nenda nawe ukapimwe kifua, wiki hii, usingoje. Majibu yoyote utakayopata, niambie mimi mwenyewe.”

Msalimie wifi sana, na mapacha uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakusalimu na anakuombea dua. Mungu akulinde wewe na pumzi yako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na ninayengoja majibu yako.