Modeli Yangu Inapiga Chabo

Ketrina usicheke kwanza. Acha nimalize ndo ucheke.

Ile modeli yangu ya kompyuta ya kutabiri ugumu wa udongo uliochanganywa na chokaa? Ile niliyoitambia kwenye status ya WhatsApp, "usahihi asilimia tisini na tisa"? Leo imeniumbua mbele ya ofisi nzima. MBELE YA OFISI NZIMA.

Injinia Zabron kasema, "Haya Atu, tutabirie udongo wa barabara ya Igamba. Sampuli bado hatujazivunja kupima ugumu wake."

Nikajaza kiasi cha chokaa, nikajaza kiasi cha maji. Kompyuta ikagoma. Ikaandika: JAZA UGUMU WA UDONGO.

Yaani ili ikwambie ugumu, inataka kwanza uiambie ugumu 😭😭

Wakati naifundisha nilisahau kutoa safu ya majibu. Muda wote huo ilikuwa inasoma jibu na kunirudishia lilelile, na mimi nashangilia!

Zabron kasema jaza mia tisa. Ikatabiri mia tisa. Jaza elfu tisa. Ikatabiri elfu tisa! Udongo wa Igamba, mgumu kuliko zege!

Kavua miwani. "Atu, hii haitabiri. Hii inapiga chabo."

Chabo, Ketrina! Mimi niliyemnunia kaka yako Gasper mwaka mzima kwa kuangalizia mtihani.

Halafu kwa upole kabisa akaniuliza, "Sasa tabiri wewe. Kesho asubuhi utakuwa wapi?"

"Maabara, bosi. Nakanda udongo na chokaa."

"Umeona? Hiyo ndo asilimia mia."